Nilikohoa Mwaka wa Kura

Damu ya kwanza niliitema tribinalini, mbele ya watu, katikati ya maneno. Nilikuwa nimesimama kumsemea mfua nguo mmoja wa Dilala aliyeshitakiwa na shemeji yake, na majaji wote watatu walikwisha kunielekea kwa nyuso za watu wanaoanza kukubali. Nikahisi kitu cha moto kinapanda kooni. Nikatoa leso, nikakohoa, nikaiangalia, nikaikunja na kuirudisha mfukoni, kisha nikamaliza hoja yangu. Tulishinda. Mfua nguo alinishika mikono yote miwili huku akilia kwa furaha, nami nilikuwa nawaza jambo moja tu: laiti asingenishika.

Naandika haya kwa wale ambao leso zao zimeanza kupata madoa. Sitawaeleza mapafu yanavyofanya kazi. Sijui, na waliojua hawakuniambia. Nitawaeleza tunavyongoja, tunavyokonda, na jinsi watu wanavyosogeza viti vyao. Anayetafuta maneno matamu anisamehe. Huko nilikouguzwa sikutoka nayo.

Mimi ni Mukendi. Nilizaliwa katika kambi ya wachimbaji, mtoto wa mtu wa Kasai aliyeletwa na treni kuja kuchimba shaba ya watu wengine. Mapadri walinifundisha Kifaransa, na vita vilipokuja nikatiwa jeshini, nikaenda Abisinia, nikarudi sajini. Baada ya hapo nilikuwa karani wa tribinali ya wenyeji hapa Kolwezi. Mtu mweusi kuwa avoka, yaani wakili, ilikuwa haiwezekani. Nchi nzima hatukuwa na hata mmoja. Lakini katika tribinali yetu, mtu asiyejua kujieleza aliruhusiwa kuja na ndugu yake amsemee. Basi nikaacha ukarani nikawa ndugu ya watu. Nilikuwa na ndugu wengi kuliko mtu yeyote Kolwezi: Walunda, Wabemba, Wasanga, hata Mwangola mmoja aliyegombana na jirani kwa ajili ya ukuta. Watu waliniita Avoka kwa heshima. Wazungu wa ofisini nao waliniita Avoka, ila wao walicheka.

Kisha Wabelgiji waliotutawala wakatangaza kwamba sisi nasi tutapiga kura, tuchague madiwani wa komine, baraza la mji. Mji ulichangamka kama sufuria iliyofunuliwa. Rafiki yangu Ngoie, mwalimu, mtu wa kaskazini mwa Katanga, alikuja nyumbani siku hiyo hiyo.

"Yaya Mukendi," aliniambia, "we Mukasai, mi mutu ya hapa. Tukisimama pamoja, nani atatushinda? Batu banatujua sisi wawili."

Tulikubaliana. Tukaanza kuzunguka kambi kwa kambi, yeye akiimba utangulizi na mimi nikipiga hotuba. Sauti yangu wakati ule ilikuwa inafika mwisho wa uwanja wa mpira bila kipaza sauti. Hilo ndilo nililokuwa nalo duniani. Sikuwa na shamba wala ng'ombe. Nilikuwa na koo.

Siku niliyotema damu, mke wangu Kapinga aliiona leso kabla sijavua koti.

"Tangu lini?"

"Leo tu."

"Usinidanganye, Tata Ntumba. Mi njo ninafulaka nguo yako yote. Ya wiki jana ilikuwa na alama nyekundu, nikasema ni wino."

Ntumba ni binti yetu mdogo. Alikuwa amekaa mlangoni akila kipande cha mkate kutoka meza ya mama yake ya sokoni. Kapinga alimtazama mtoto, akanitazama mimi, akaenda kumwinua na kumpeleka kwa jirani. Tangu saa ile nilikuwa mgonjwa, hata kabla ya munganga yeyote wa hospitali kunigusa.

Nilikuwa na ile kadi ambayo serikali iliwapa weusi waliohesabiwa kuwa wamestaarabika. Kabla ya kunipa, kamati ilikuja nyumbani, ikaangalia chini ya kitanda, ikamwuliza Kapinga kama watoto wanakula kwa uma. Tulijibu kila kitu kwa tabasamu. Nilidhani siku nitakapoumwa kadi ile itanifungulia mlango, basi nikaenda nayo hospitali ya Wazungu, iliyo karibu na kwetu. Sista wa mapokezi aliigeuza mbele na nyuma, akanirudishia kwa ncha za vidole.

"Ni nzuri," alisema. "Mlango wenu uko upande ule mwingine."

Upande ule mwingine kulikuwa na korido ndefu na benchi moja lililong'arishwa na makalio ya wanaongoja. Benchi lile lilikuwa na adabu zake. Aliyevunjika mkono alikaa popote. Mama mwenye mtoto wa homa alipishwa. Lakini mtu akikohoa kile kikohozi chetu, cha chini, chenye maji, wote wanasogea bila kumtazama, taratibu, kama wanatafuta tu nafasi nzuri zaidi. Nilikaa nikajikuta nina nafasi ya watu wanne peke yangu. Nilikuwa nimevaa tai. Nilijiona mpumbavu kwa kuvaa tai.

Walinivua shati wakanibana kifua kwenye bamba la chuma baridi kama maji ya kisima wakati wa kipwa, miezi ile ya vumbi na baridi. Baadaye munganga Mzungu aliishika picha yangu dirishani, akamwambia msaidizi wake kwa Kifaransa, nikiwa nimesimama pale pale:

"Huyu amekwisha. Pande zote mbili. Ni hasara ya dawa."

Nikamjibu kwa Kifaransa: "Samahani, daktari, upande upi umekwisha zaidi?"

Aligeuka. Sikuona haya usoni mwake. Niliona udhia, kama mtu aliyesikia kiti kikisema. Akaandika jina la misheni moja ya Waamerika upande wa Sandoa, kwamba huko wana nyumba ya wagonjwa wa kifua, akanipa mgongo. Nimesikia wengi wakisema ugonjwa huvunja nguvu. Siku ile mimi ulinitia nguvu ya hasira, na hasira ile ilinifikisha mbali kuliko maombi ya ndugu zangu. Sikushauri uichukie dunia. Nakuambia tu yaliyonibeba.

Majuma yaliyofuata, kabla ya safari, ndiyo yaliyoniuma kuliko sindano zote. Kapinga alinitengea sahani, kikombe na kijiko, akavichemsha peke yake kwenye sufuria yenye mpini uliokatika. Alifanya sawa. Najua sasa kwamba alifanya sawa, na nyumbani kwako fanyeni hivyo hivyo. Lakini kila jioni nilipoiona ile sufuria motoni, nilimchukia. Watoto walipelekwa kwa dada yake. Ntumba alikuwa akiletwa kunisalimu kutoka barabarani, anapunga mkono, nami nampungia kutoka dirishani kama mfungwa.

Kaka yangu Tshibangu alifika kutoka Jadotville akiwa na jibu tayari.

"Balikuloga," alisema. "Ulikuwa unapanda juu. Banakatanga hawawezi kuona Mukasai anapanda juu. Kesho tunaenda Kasai, iko mutu kule anatoa bintu ya namna hii kwa pua."

"Yaya, ni kifua kikuu."

"Na nani alikitia?"

Tuligombana mpaka nikaishiwa pumzi, na kuishiwa pumzi kwangu akakuhesabu kuwa ushindi. Aliondoka akisema kwamba nikifa asije akaitwa. Mama mkwe naye akaja, akakaa nje, hakuingia, akamwambia binti yake kwa sauti nisikie: "Kapinga, mi nilikuzaa, sikuzaa yee. Funga bintu byako." Kapinga alimpikia mama yake bukari na sombe, akamtandikia, asubuhi akamsindikiza steshini, akarudi peke yake. Sikuwahi kumwuliza walisemezana nini njiani. Alirudi macho yamevimba, akaweka ile sufuria motoni.

Ngoie alikuja mara moja. Alisimama mlangoni, leso puani, nyeupe, imepigwa pasi.

"Usijali, yaya," alisema kupitia kitambaa. "Jina yako tutaishika. Ukirudi kiti iko pale."

Nilimshukuru. Nilitaka kumwambia aingie akae, lakini nikaona mguu wake mmoja tayari uko nje ya kizingiti.

Tulisafiri wakati wa kipwa, treni hadi Kasaji, halafu lori kuelekea kaskazini katika moshi wa nyasi zinazochomwa. Nilipakizwa nyuma juu ya magunia ya mihogo, maana dereva hakutaka kohozi langu karibu na usukani. Kapinga alipanda nyuma pamoja nami ingawa mbele palikuwa na nafasi yake. Alinifunika uso kwa kitenge chake dhidi ya vumbi. Nilipofika, kitenge kilikuwa na madoa yangu. Alikikunja madoa yakiwa ndani, akajifunga hivyo hivyo, akarudi na lori lile lile.

Nyumba ya wagonjwa wa kifua ilikuwa ndefu, ya bati, mbali na nyumba nyingine, na veranda mbele. Mchana walitutoa na vitanda vyetu tulale hewani. Tulipanga wakati kwa dawa. Hakuna aliyesema Julai au Agosti. Tulisema "wakati wa sindano za kwanza" au "kabla sijaanza unga". Unga ule ulikuwa mchungu, wa kujaza kiganja, tumbo likaukataa. Ukiutapika unapewa mwingine. Aliyeanza sasa nampa shauri moja: meza taratibu na uji wa vuguvugu, usitazame bakuli, usimtazame mwenzako akimeza. Na vidonge vidogo vyeupe usiviruke siku unapojisikia vizuri. Niliowaona wakiruka vidonge kwa sababu wamepona, nilisaidia kuwachimbia.

Sindano zilipigwa matakoni hadi matako yakawa magumu kama ubao, hatukujua tena tulalie upande gani. Mwili wangu uliyeyuka. Pete ya ndoa ilinitoka kidoleni nikinawa, nikaitafuta kwenye majani kwa mikono na magoti. Nilikuwa mtu wa mabega. Koti la usajini halikunifunga vifungo. Pale niliona mbavu zangu zikipanda na kushuka chini ya ngozi kama vidole vya mtu anayetaka kutoka. Koo nalo likashikwa. Sauti ilikwaruza, ikapasuka, halafu asubuhi moja nilifungua kinywa kumwita mhudumu, ikatoka pumzi tupu.

Kitanda cha jirani kilikuwa cha Chikuta, mchimbaji, kijana wa Kilunda mwenye kifua kilichoharibiwa mara mbili, na vumbi la mgodi na ugonjwa wetu. Alicheka kila kitu. Nilipopoteza sauti alianza kunisemea.

"Avoka anataka maji!" anapaza. "Avoka anasema uji iko baridi! Avoka anauliza munganga kama alisoma kweli!"

"Sikusema hivyo," nilinong'ona.

"Lakini uliwaza."

Mvua za kwanza zilipokuja, masikio yangu yakaanza kulia. Kwanza nilidhani ni bati. Mvua ilikatika, mlio ukabaki. Nikisimama, dunia inainama upande mmoja, natembea nikishika ukuta kama mlevi. Nilimwambia mwuguzi wetu, Mwamerika wa makamo tuliyemwita Mama Elena. Alijifunza Kiswahili chetu huku huku Katanga na alikisema polepole, kwa uangalifu. Alinikagua.

"Ni sindano, Tata Mukendi. Dawa inaua ugonjwa, na wakati mwingine inaua sikio. Tukiisimamisha, ugonjwa utarudi."

"Na nisiposikia, nitafanya kazi gani?"

"Ukifa utafanya kazi gani?"

Nilimgeuzia tako lingine. Ndivyo nilivyoamua. Sikio la kushoto likafa lote, la kulia likabaki nusu.

Mama Elena aliona nimeanza kukata tamaa. Siku moja, akiwa amekaa ukingoni mwa kitanda na bakuli la sindano mapajani, akataka kunitia moyo.

"Nataka kukuambia habari ya babu yangu," alisema, akiinamia sikio langu lililosalia. "Alikuwa kama wewe. Alikuwa avoka, akachaguliwa bungeni katika jimbo letu. Vita vikatokea, akaacha kiti akaenda kuwa askari, ofisa. Kule alishikwa na kifua. Alitema damu kama wewe. Wote walisema amekwisha. Lakini alirudi, akapona, akasimama tena mahakamani, na watu wakamchagua tena. Alikuwa mzee sana alipokufa. Mimi nilimwona."

Chikuta alinyanyuka kwa kiwiko asikie. Wengine nao wakageuza vichwa. Ilikuwa hadithi nzuri. Nilijiona ndani yake kabisa, nimesimama tena tribinalini nimevaa koti linalonitosha. Ndipo ukarani wangu wa zamani ukanisumbua. Nimezoea kuuliza.

"Ni vita gani, Mama?"

"Vya nchini kwetu. Wenyewe kwa wenyewe. Zamani."

Mapadri walikuwa wametufundisha kidogo. "Vile vya watumwa?"

"Ndiyo."

"Babu alikuwa upande gani?"

Aliangalia sindano zake. "Upande wa waliokuwa nao."

Chikuta alirudisha kichwa kwenye mto. Nami nikanong'ona swali la mwisho, maana sauti ya kupaza sikuwa nayo: "Alipougua huko vitani, nani alimuuguza?"

"Kulikuwa na mtu wake," alisema Mama Elena. "Alikwenda naye vitani, akimpikia. Babu alipozidiwa, mtu huyo alimbeba mgongoni mpaka kwenye gari la wagonjwa. Nyumbani waliisimulia habari hiyo kila mwaka."

"Aliitwa nani?"

Nikaona anatafuta kweli, anatafuta mbali, kwa haki. "Sijui," alisema. "Walisema tu, boyi wa babu."

Abisinia mimi nilimbeba luteni wetu mgongoni, tumbo la damu lilipomlaza, tangu asubuhi hadi jua la utosi, milimani. Jina lake lote ninalijua, na la mji wake, na la mchumba wake, kwa sababu alikuwa akiweweseka masikioni mwangu njia nzima. Alipopona alipewa nishani. Langu sidhani kama analijua. Nilitaka kumwambia Mama Elena hayo, lakini pumzi ilikuwa haitoshi kwa habari ndefu. Nikasema tu: "Basi mi haina kama babu yako, Mama. Mi niko kama yule mwingine."

Macho yake yalikuwa mekundu. Kisha akainuka, akanipiga sindano, vizuri, bila kuniumiza zaidi ya kawaida, akaenda kitanda kinachofuata. Hakusimulia tena habari za kwao. Sikumpenda zaidi wala sikumchukia. Wengine wataandika kwamba walipatana na wauguzi wao kama ndugu. Mimi naandika kwamba alinitunza kila siku, kwa mkono mzuri, na kwamba hadithi yake ilinikaa tumboni kuliko ule unga.

Zilikuwapo neema ndogo, nisiseme uongo. Katikati ya mvua, wanawake wa kijiji cha jirani walileta uyoga mkubwa, mmoja unafunika sahani, wakauweka mwisho wa veranda na kukimbia wakicheka kwa woga. Tuliupika na chumvi tu. Ndicho chakula cha kwanza nilichotamani kurudia. Na siku mate yangu yalipopimwa yakaonekana masafi, mhudumu alinipigia saluti ya kijeshi.

Kapinga alikuja siku zile. Alikuwa amekonda karibu kama mimi. Alikaa kando ya kitanda akaanza kusema, nikaona midomo tu.

"Nguvu," nikanong'ona. "Sema kwa nguvu."

Akasogea kulia, akaongeza sauti, sikupata. Akaongeza tena. Mwishowe akapiga kelele kama anayeita mtu ng'ambo ya mto:

"Kura ilipita! Ngoie alikamata kiti yako!"

Veranda nzima ikageuka. Hata kuku walisimama.

"Alisema nilikufa?"

"Alisema umekwisha! Alisema kwa uwanja, mbele ya batu: Mukendi amekwisha, na tena Bakasai barudi kwabo, Katanga ni ya Banakatanga! Njo balipindua meza yangu ya mikate! Njo batoto banaogopa kwenda masomo!"

Alikuwa akilia na kupaza sauti kwa wakati mmoja, maana angelia kwa sauti ya kawaida nisingesikia. Wagonjwa wa vitanda vyote, Walunda wengi wao, wenye-nchi, wakasikia kushindwa kwangu neno kwa neno. Sikuwa na mahali pa kuuficha uso. Chikuta akapaza sauti kutoka kitandani kwake, na ilikuwa sauti dhaifu tayari:

"Avoka anasema huyo Ngoie ni mavi!"

Safari hii kweli nilikuwa nimesema hivyo.

Chikuta alifariki mvua zikiisha, mchana, juani, akiwa ametolewa nje kama sisi sote. Nilikuwa nimelalia sikio lililosalia. Nilipogeuka wamekwisha kumfunika. Aliyekuwa sauti yangu aliondoka pembeni yangu nami sikusikia hata pumzi yake ya mwisho. Kama kuna kitu ambacho sijaisamehe dawa ile, ni hicho.

Niliachiwa kipwa kilichofuata. Nilirudi Kolwezi nikiwa na mwili wa kuazima na sauti ya mtu anayesema nyuma ya mlango. Nyumba za Wakasai katika mtaa wetu zilikuwa zimechorwa alama za mkaa. Baadhi ya majirani walikwisha kupanda treni kurudi nchi ambayo watoto wao hawajawahi kuiona. Ntumba alinisogelea taratibu, akanigusa goti, akakimbia. Tulianza upya na goti hilo. Watu waliniuliza nikoje. Wale wale waliouliza walinipa mkono kisha wakaupangusa kwenye suruali.

Ngoie nilikutana naye mbele ya ofisi ya komine. Alikuwa na gari. Alishuka, safari hii bila leso, akasema kitu kirefu kwa uso wa huruma. Alikuwa upande wangu wa kushoto. Sikugeuza kichwa. Nilimwacha aseme yote katika sikio lililokufa, nikamwitikia kwa kichwa, nikaenda zangu. Mpaka leo sijui kama aliomba msamaha. Watu wananiambia ningesikiliza. Labda.

Tribinalini nilidhani sitarudi. Lakini alikuja mwanamke mmoja, Mama Kabedi, anakohoa kile kikohozi chetu. Mumewe alikuwa amemtolea vitu vyake nje, anataka arudishwe kwao Sandoa na watoto wabaki. Hakuwa na wa kumsemea. Kapinga aliniambia nisiende. "Batakucheka," alisema. Nilipovaa koti akavaa kitambaa chake akanifuata.

Nilisimama pale pale niliposimama zamani. Nilipoanza kusema, watu wa nyuma wakapiga kelele kwamba hawasikii. Jaji mkubwa aliinua mkono, wakanyamaza. Na kwa kuwa sauti yangu ilikuwa ndogo vile, iliwabidi wanyamaze kabisa, hata waliosimama madirishani. Nikasema ugonjwa si kosa. Nikasema mke hafukuzwi kwa homa, basi asifukuzwe kwa kifua. Nikasema mimi nilichemshiwa kikombe changu peke yake majuma kwa majuma katika nyumba yangu, na niko hai, na mke wangu yule pale, mzima. Nikakaa.

Majaji walinong'onezana. Jaji mkubwa akasema. Niliona midomo, niliona mume akitupa mikono juu na kutoka, niliona Mama Kabedi akiziba kinywa.

"Amesema nini?" nikamwuliza Kapinga.

Kapinga aliweka mdomo kwenye sikio langu la kulia. "Amesema nyumba ni ya huyu mama. Aende kutibiwa, akirudi arudi kwake."

Mume hakungoja. Jioni ile ile alihamia kwa ndugu zake na watoto wote. Ushindi wa Mama Kabedi ulikuwa nyumba tupu.

Alikuja kuniaga kabla ya kupanda treni kwenda ile misheni, na furushi lake kichwani. Kapinga alimpa mikate ya njia. Mama Kabedi alisogea upande wangu wa kulia, mtu wa kwanza kuukumbuka bila kuambiwa, akaniuliza kwa sauti ya kutosha:

"Tata, ile sindano, inauma?"

Nilikuwa na maneno mengi ya kumtia moyo. Nilimtazama usoni.

"Inauma sana, mama," nikamwambia. "Enda."